Ng'ombe Hapimwi kwa Mbali

Mwaka 1990 taasisi ya World Resources Institute ya Washington ilichapisha orodha ya nchi zinazochangia zaidi kuipasha dunia joto. Kileleni, pamoja na Marekani na Muungano wa Kisovyeti, ziliwekwa Brazili, China na India. Sehemu ya mzigo waliotwishwa Wahindi ilikuwa methani, gesi joto itokayo kwenye majaruba ya mpunga na matumboni mwa ng'ombe. Mwaka uliofuata Anil Agarwal na Sunita Narain, wa Kituo cha Sayansi na Mazingira cha Delhi, walijibu kwa kijitabu kikali kilichouliza kwa nini gesi ya mkulima anayelima apate kula ihesabiwe sawa na moshi wa magari ya wenye nazo. Hoja hiyo ya haki ndiyo inayokumbukwa mpaka leo. Isiyokumbukwa sana ni kazi iliyofanyika mashambani mwaka huohuo. Wanasayansi wa India, wakiongozwa na mwanafizikia wa anga A. P. Mitra, waligawana maeneo yanayolima mpunga, wakafunika mashina kwa masanduku angavu, wakavuta hewa ya ndani kwa sindano na kuipeleka maabara. Shirika la mazingira la Marekani lilikuwa limekadiria kwamba mpunga wa India hutoa tani milioni 37.8 za methani kwa mwaka. Lilichukua viwango vilivyopimwa katika mashamba machache ya Marekani na Ulaya, likavizidisha kwa ukubwa wa mashamba ya India. Vipimo vya Wahindi wenyewe vilishusha kiasi hicho hadi tani milioni 4 hivi.

Tofauti ya mara tisa haikuletwa na ujanja wa hesabu. Methani ya mpunga hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni, ndani ya tope lililolala chini ya maji kwa muda mrefu na lenye mabaki mengi ya mimea. Mpunga mwingi wa India wakati huo ulitegemea mvua. Maji huja na kuondoka, udongo hupasuka, hewa huingia, na vijidudu hivyo hukosa makao. Mtu aliyepima shamba la California, ambako maji husimama msimu mzima, hakuwa na njia ya kulijua hilo. Naona humo ndimo ulimo ufunguo wa historia nzima ya mataifa kushirikiana kutafiti namna ya kupunguza gesi joto zitokazo kwenye kilimo. Ushirikiano huo umezaa matunda kila ulipowapa watu uwezo wa kupima cha kwao, na umezaa makabrasha kila ulipowaletea majibu yaliyokwisha kupikwa kwingine. Sisemi kwamba haki si kitu. Nasema Agarwal na Narain wangebaki na hoja ya maadili peke yake, ambayo mkubwa huisikiliza kwa adabu kisha akaendelea na shughuli zake, kama Mitra na wenzake wasingeingia matopeni.

Kwa upande wa ng'ombe safari ilianza zamani zaidi, tena mahali ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria tabianchi. Katikati ya karne ya 20 wataalamu wa lishe ya mifugo kama Kenneth Blaxter wa Uskoti walimfungia mnyama ndani ya chumba kisichovuja hewa, wakapima kila alichovuta na kila alichotoa. Walikuwa wakitafuta upotevu. Mnyama anayecheua hupoteza, kwa njia ya methani, kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo kwenye chakula chake, na karibu yote hutoka mdomoni kwa kucheua na kupumua, si nyuma kama wacheshi wanavyopenda kusema. Fomyula ambayo Blaxter na Clapperton waliichapisha mwaka 1965 ililenga kumsaidia mfugaji asitupe chakula bure. Ilipofika mwaka 1986, Paul Crutzen, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Mainz, na wenzake walizigeuza hesabu za namna hiyo kuwa swali la anga zima. Walikadiria kwamba mifugo ya dunia hutoa tani milioni 74 za methani kwa mwaka, na ng'ombe wa nchi tajiri wakaandikiwa kilo 55 kila mmoja, wa nchi maskini kilo 35. Ilikuwa kazi ya heshima, na bila hiyo tusingekuwa na pa kuanzia. Ila namba ya pili ilitegemea sana makadirio ya chakula, wala hakuna aliyekuwa amewafungia ng'ombe wa Sukuma au wa Ankole ndani ya chumba cha kupimia pumzi.

Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilizirithi hesabu hizo na kuzipanga kwa madaraja. Katika miongozo yake ya mwaka 2006 ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa alipewa kilo 31 kwa mwaka, na mwenzake wa Amerika Kaskazini kilo 53. Nchi isiyo na takwimu zake hutumia daraja la kwanza, yaani huchukua idadi ya ng'ombe na kuizidisha kwa namba iliyomo kitabuni. Ubaya wa njia hii hauko kwenye ukubwa wa namba. Uko kwenye upofu wake. Mfugaji akimpa ng'ombe wake matete na mabua yaliyokatwakatwa, akamtibu kupe, maziwa yakapanda kutoka lita mbili hadi sita, hesabu ya taifa haitikisiki. Hutikisika tu idadi ya ng'ombe ikibadilika. Serikali inayotaka kuonesha kwamba imepunguza gesi ina mlango mmoja tu: ng'ombe wachinjwe. Kwa hiyo anayedhani kwamba mabishano ya vipimo ni mambo ya wataalamu wa ofisini na afikirie maana ya sera inayojengwa juu ya hesabu ya namna hiyo kule Umasaini, Karamoja au Kivu.

Msukumo wa kuunda chombo cha kimataifa cha utafiti haukutoka huko, bali ulitoka New Zealand, nchi tajiri yenye tatizo la ajabu. Karibu nusu ya gesi joto zake hutoka kwenye kilimo, hasa kwa ng'ombe na kondoo, wakati nchi nyingine tajiri zinahangaika na mitambo ya umeme na viwanda. Ilipokwisha kuridhia Itifaki ya Kyoto Desemba 2002, serikali ya Helen Clark ilipendekeza tozo ndogo kwa wafugaji, si ya kuwaadhibu bali ya kukusanya fedha za utafiti. Wafugaji wakaibatiza kodi ya ushuzi. Mwaka 2003 waliandamana hadi Wellington, na mbunge wa upinzani Shane Ardern akapanda ngazi za Bunge akiendesha trekta kuukuu liitwalo Myrtle. Tozo ikafa. Badala yake sekta ya mifugo ilikubali kuchangia utafiti kupitia muungano wake na serikali, na wanasayansi wa Palmerston North wakapata fedha za kuendelea. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na New Zealand haikuficha kwamba ilihitaji jibu ambalo lingeiwezesha kuuza maziwa na nyama bila kupunguza mifugo.

Desemba 2009, mkutano wa tabianchi wa Copenhagen ulipokuwa ukielekea kuvunjika kwa ugomvi wa nani apunguze nini, New Zealand na nchi nyingine ishirini hivi zilitangaza Muungano wa Kimataifa wa Utafiti wa Gesi Joto za Kilimo. Miongoni mwao zilikuwamo Marekani, Japani, India, Uruguay, Vietnam na Ghana. New Zealand iliahidi dola milioni 45 za kwake. Mkataba wa kuuendesha ulitiwa saini Roma Juni 2011, na leo wanachama wamepita 60. Umbo la muungano huo linastahili kutazamwa vizuri. Hauna kapu moja la fedha, haumpangii mwanachama kiwango cha kupunguza, na hauna mamlaka ya kumwadhibu yeyote. Kila nchi huwalipa wanasayansi wake, nao hukutana kwa makundi: mwanzoni la mifugo liliongozwa na New Zealand na Uholanzi, la mazao liliongozwa na Marekani, la mpunga liliongozwa na Japani. Wapo walioucheka muundo huo kuwa ni klabu ya mazungumzo. Lakini kwa kuwa ndani yake hapakuwa na cha kugombania, watu ambao serikali zao zilikuwa haziongei kwenye ukumbi wa pili waliweza kubadilishana sampuli.

Na sampuli walibadilishana kweli. Kazi moja kubwa ilikuwa sensa ya vijidudu vya matumbo ya wanyama wanaocheua, iliyoratibiwa Palmerston North na kuchapishwa mwaka 2015. Zilikusanywa sampuli 742 kutoka kwa wanyama wa aina 32 katika nchi 35, kuanzia ng'ombe na kondoo hadi kulungu na wanyama wa jamii ya ngamia. Matokeo yalishangaza. Bakteria wakuu walikuwa walewale karibu kila mahali, na arkea, vijidudu vyenyewe vinavyotengeneza methani, vilikuwa vya makundi machache tu yaliyoenea dunia nzima. Chakula anachokula mnyama kilieleza tofauti zilizopo kuliko ukoo wake. Tafsiri yake kwa anayetafuta chanjo au dawa ni nzuri: akipata kinachowazuia arkea hao pahala pamoja, kuna matumaini kitafanya kazi kwingine. Tafsiri yake kwa hoja yangu huonekana kuwa kinyume. Ikiwa vijidudu ni vilevile, kwa nini kila nchi ijipimie? Jibu limo ndani ya matokeo hayohayo. Kinachotofautiana ni chakula, na chakula ndicho kitu kisichofanana kabisa kati ya malisho ya Waikato, New Zealand, na ya Nyando, Kenya.

Ushirikiano huo ulisambaza pia mikono ya kazi. Njia moja ya kumpima ng'ombe akiwa malishoni, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na kuchapishwa mwaka 1994, inafaa kuelezwa. Kibomba kidogo cha metali chenye gesi isiyo ya kawaida, salfa heksafloridi, humezeshwa mnyama na kukaa tumboni kikivujisha gesi hiyo polepole kwa kasi inayojulikana. Mnyama huvishwa hatamu yenye mrija mwembamba unaoishia juu ya pua, na shingoni huning'inizwa chupa iliyoondolewa hewa, ambayo hufyonza pumzi kidogo kidogo mchana na usiku. Ukijua uwiano wa gesi mbili ndani ya chupa, unajua methani iliyotoka. Vifaa havitishi. Kinachotesa ni mrija unaoziba kwa vumbi, chupa inayovuja, ng'ombe anayejikuna kwenye mti. Mwongozo wa kina ulioandikwa na wataalamu wa nchi kadhaa chini ya muungano na kutolewa bure mwaka 2014 ulihusu zaidi makosa kama hayo. Kwa maoni yangu mwongozo wa aina hiyo una thamani kubwa kuliko matamko kumi ya mawaziri.

Kwenye mpunga mambo yalikwenda kwa kasi nyingine, nami sitakaa sana hapo. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ya Ufilipino ilimpa mkulima bomba la sentimita 30 lenye matundu ubavuni, linalozamishwa jarubani ili aone maji yameshuka kiasi gani chini ya udongo; yakifika sentimita 15 ndipo afungulie tena. Methani hupungua sana, mara nyingine karibu nusu, ingawa nitrasi oksaidi, gesi joto nyingine, huongezeka kidogo. Mradi ulioongozwa na Wajapani ulilipima jambo hili Vietnam, Thailand, Ufilipino na Indonesia. Ilidhihirika, kama mkulima yeyote angewaambia, kwamba anayelipia dizeli ya pampu hulipokea bomba kwa furaha, na anayelipia maji kwa ekari bila kujali ametumia kiasi gani haoni sababu ya kulitazama.

Afrika Mashariki iliingia kwa nguvu katikati ya muongo wa 2010, pale Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo ya Nairobi ilipoanzisha Kituo cha Mazingira, chenye vyumba vya kupimia pumzi za ng'ombe. Jaribio moja la mwanzo lilihusu kinyesi na mkojo wa maksai wa Boran na wa Friesian waliolishwa chakula duni kama kile cha mfugaji wa kawaida. Miongozo ya 2006 ilisema asilimia 2 ya naitrojeni iliyo katika kinyesi na mkojo uliomwagika malishoni hugeuka kuwa naitrojeni ya nitrasi oksaidi, gesi yenye nguvu ya kupasha joto mara 270 hivi ya kaboni dioksidi. Nairobi ilikuta sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Sababu ni ya kusikitisha: ng'ombe asiyepata protini ya kutosha hana naitrojeni ya kumwaga. Vipimo vya namna hiyo vilikuwa vikijikusanya sehemu nyingi za dunia, na IPCC ilipofanya marekebisho mwaka 2019 ilishusha kiwango cha jumla hadi asilimia 0.4, na asilimia 0.2 kwa nchi kame.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema, na wengi wamesema, kwamba kupima kwa Waafrika ni ujanja wa kujisafisha: kila wakipima, wanajikuta hawana hatia. Pingamizi hili ni zito, na jibu lake limo katika kazi mbili zilizotoka kwenye kituo hichohicho. Ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2020, iliwachukua maksai wa Boran na kuwanyima chakula kwa makusudi, wengine hadi asilimia 40 ya kile kinachotosha kuuweka mwili hai. Methani yao kwa kila kilo ya chakula ilipanda. Njaa ya kiangazi, ambayo miongozo ya dunia haikuwahi kuitia hesabuni kwa kuwa ng'ombe wa Ulaya halali njaa, humfanya mnyama atumie chakula vibaya na kutoa gesi zaidi kwa kila tonge. Ya pili, ya mwaka huohuo, ilichunguza maboma ya mifugo kwenye nyanda kame za Kenya. Samadi ya usiku baada ya usiku hurundikana humo kwa miaka, na Klaus Butterbach-Bahl na wenzake walikuta boma lililohamwa zaidi ya miaka 40 iliyopita bado linatoa nitrasi oksaidi kwa wingi. Chanzo hicho hakikuwamo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Anayejipima ili ajisafishe hachapishi habari za boma lake. Kipimo cha karibu kilipunguza palipozidishwa na kikaongeza palipofichwa, na hilo ndilo linalonishawishi kwamba ni kipimo, si utetezi.

Pingamizi la pili hutoka upande mwingine, nalo linauma zaidi. Wanaharakati husema utafiti umekuwa mlango wa kutorokea wa matajiri: wanafadhili maabara ili wasibanwe na kodi. New Zealand inawapa ushahidi wa kutosha. Zaidi ya miaka ishirini tangu trekta lile lipande ngazi, wafugaji wake hawalipi chochote kwa methani. Mwaka 2024 serikali iliwaondoa kisheria kwenye mfumo wa biashara ya kaboni, na Oktoba 2025 ikatangaza kulegeza lengo la methani la mwaka 2050 kutoka upungufu wa asilimia 24 hadi 47 kwenda asilimia 14 hadi 24. Dawa iliyokuwa ikingojwa ndiyo kwanza imeanza kupatikana. Unga uitwao Bovaer, unaopunguza methani ya ng'ombe wa maziwa kwa asilimia 30 hivi, uliruhusiwa Ulaya mwaka 2022, lakini huhitaji kuchanganywa kwenye chakula kila siku, na ng'ombe wengi wa New Zealand huishi malishoni. Kondoo wa ukoo wenye methani kidogo wamezalishwa, ila uzazi wa kuchagua huenda hatua kwa hatua. Nakubali sehemu kubwa ya lawama hii. Nchi inaweza kutumia utafiti kama pazia, na New Zealand imefanya hivyo kwa wafugaji wake. Ninalokataa ni hitimisho kwamba kwa hiyo utafiti wenyewe ni pazia. Mwongozo wa chupa na mirija haukubaki Wellington, wala wataalamu waliofundishwa kupima hawakulazimika kuiga siasa za waliowafundisha.

Kenya ni mfano. Mwaka 2020, kwa msaada wa kitaalamu wa washirika wa muungano ule wa utafiti, idara yake ya mifugo ilitoa hesabu ya gesi za ng'ombe wa maziwa ya miaka 1995 hadi 2017 kwa daraja la pili, yaani kwa takwimu za nchi yenyewe, ikitenganisha ng'ombe wa zizini, wa kufugia nusu ndani nusu nje, na wa malisho ya wazi. Takwimu za namna hiyo hazipatikani bila kazi ya miguu. Kule Nyando, magharibi mwa nchi, watafiti walikuwa wamezunguka nyumba kwa nyumba msimu baada ya msimu wakipima ng'ombe kwenye mizani, wakikadiria maziwa, wakichukua sampuli za nyasi na kufuatilia umbali anaotembea mnyama. Kwa hesabu ya namna hii lita za maziwa zikipanda huonekana, na hata ng'ombe mmoja akitoa methani zaidi kuliko zamani, methani ya kila lita hushuka. Hapo ndipo mradi wa lishe au wa tiba unapoweza kuombewa fedha za tabianchi kwa ushahidi, bila mtu kuambiwa auze mifugo yake. Atakayeuliza kwa nini mfugaji maskini asumbuliwe na gesi asiyoisababisha ana haki ya kuuliza. Ila katika dunia ambayo fedha hufuata hesabu, asiyepimwa hasamehewi, hukadiriwa.

Na makadirio hayalali. Marekebisho ya IPCC ya mwaka 2019, yaleyale yaliyopunguza nitrasi oksaidi ya malishoni, yalipandisha methani ya ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kutoka kilo 31 hadi 52 kwa mwaka, kwa makadirio mapya ya uzito na chakula. Nchi hazilazimishwi kuyatumia, na yenye takwimu zake inaweza kuziweka mezani. Chini ya Mkataba wa Paris ripoti za kwanza za uwazi zilitakiwa zifike mwisho wa mwaka 2024, na zitaendelea kutakiwa kila baada ya miaka miwili. Mizani ya kupimia ng'ombe mmoja kijijini si ghali. Ghali ni kuirudisha kwenye kijiji kilekile kiangazi na masika, mwaka hadi mwaka, na fungu hilo katika bajeti nyingi za Afrika bado linangoja mfadhili.